Nilihamisha Miwani ya Mke Wangu kwa Ajili ya Filamu

Bi Wayua, mshauri wetu,

Mimi ni mzee wa hapa Voi, mwalimu mstaafu, nimefundisha insha kuanzia Makwasinyi hadi Mboghoni, na sasa moyo umechoka kiasi kwamba daktari ameniambia nirudi nyumbani nikae na watu wangu, kwa hiyo sikuandikii unipe matumaini ya kuishi, nimeishi na nimetosheka, asubuhi napata chai ya tangawizi, jioni nasikia adhana na treni, na mke wangu yuko karibu, ila kuna jambo moja limenikaa kifuani na nisingependa kwenda nalo.

Mjukuu wangu Nuha na rafiki yake Ben wanatengeneza filamu kwa simu, si ya majini wala visu bali ya mtu kutishwa na akili yake mwenyewe, na likizo hii wakaniomba niwasaidie kutunga kwa kuwa wanajua kupiga picha lakini hadithi hawana. Tukaamua iwe ya mjane aliye kwenye eda. Hatoki nje, na shemeji yake, ndugu wa marehemu, anamletea chakula kila siku, na kila akija anahamisha kitu kimoja cha mjane, kidogo kidogo, mpaka mjane aamini kwamba akili imemruka. Niliipenda hadithi hii kwa sababu mwenye eda hana pa kukimbilia, na anamshukuru kwa sahani ya wali yule yule anayemtesa.

Lakini Ben ni kijana asiyemeza maneno. Aliposoma kurasa zangu za kwanza akasema, “Babu, huyu shemeji hatishi hata kuku. Na mjane wako analia tu, kama tangazo la sabuni.”

“Ben, heshima,” Nuha akamwambia.

“Si nimesema Babu?”

Alikuwa sawa. Maisha yangu yote nimewaambia watoto waandike walichokiona kwa macho yao, na mimi sikuwahi kuuona uso wa mtu aliyepoteza kitu ambacho ana hakika alikiweka wapi, basi asubuhi moja mke wangu akiwa nje anaanika nguo nikashika fimbo, nikajikongoja hadi dirishani, nikachukua miwani yake nikaizika kwenye kopo la mchele, nikarudi kitandani nikajifunika.

Hakulia, Bi Wayua. Alipapasa pale dirishani kwa kiganja, kana kwamba miwani ipo na macho ndiyo yamekosea, kisha akacheka peke yake, kisha akageuka kuangalia kama nimemwona akicheka. Nilimsimulia Nuha bila kusema nimeiona kwa nani, akaiandika, Ben akaisoma mara mbili. Halafu akauliza, “Babu, hii umeitoa wapi?” Nikamwambia, “Ni umri tu.”

Baada ya miwani ikawa tasbihi, baada ya tasbihi birika, siku nyingine funguo za kabati, na hakuna aliyenishuku, maana mtu anayeshikwa mkono kwenda msalani nani atamshuku, na hadithi ilikuwa imeshashiba lakini mimi sikuacha, kwa sababu kila akishindwa kukipata kitu huja kukaa ukingoni mwa kitanda na kuniambia, “Baba Faiza, hebu nisaidie, wewe kichwa chako bado kizima.” Nami hufumba macho kama mtu anayefikiri, kisha namuuliza, kwa mfano, “Hukupima mchele leo?” Huenda kutazama, hurudi nacho mkononi, hunishika mguu juu ya blanketi na kusema, “Bila wewe ningekuwa nimepotea.”

Yeye mwenyewe alikuwa amekubali kuigiza yule mjane. Nuha alipoogopa kumwomba, akamwambia, “Acheni nifanye mazoezi, kazi yenyewe si yaja?” tukacheka mpaka nikakohoa. Wiki iliyopita amejiondoa, anasema maneno hayakai kichwani, watafute mwingine. Dawa zangu amemkabidhi Mutheu, jirani yetu, awe anakuja kunipa yeye. Na nimemsikia kwenye simu akimwambia binti yetu Faiza, aliye Mombasa, kwamba nikishaondoka hatabaki nyumba hii peke yake, asije akasahau jiko akaungua nayo, na Faiza anakuja Jumapili kuonana na mtu anayetaka kuinunua. Nyumba hii, Bi Wayua, mimi nilikuwa Mboghoni ikijengwa. Aliyesimama juani na mafundi ni yeye.

Juzi alasiri amekuja kuniomba radhi, kama tunavyofanya watu wanapokaribia kuagana. Akasema, “Kama kuna siku nilikupa dawa mara mbili au nilisahau kabisa, kwa hiki kichwa changu, nisamehe kabla hujaenda.” Nikamwambia, “Nimekusamehe.” Nilisema hivyo kwa kinywa changu.

Sasa naogopa. Siku zilizobaki ni chache na ni tamu, nikisema huenda zikaisha kwa hasira. Je, niache tu kuhamisha vitu, aone mwenyewe kwamba kichwa kimepona? Au nimwandikie, nimwachie Nuha karatasi ampe baada yangu? Na kama nafasi ipo, Ben bado anauliza shemeji anataka nini hasa, maana nikisema anataka nyumba ya mjane, ananiambia hiyo kila mtu ataijua kabla ya chakula cha kwanza kuletwa.

Mwalimu mstaafu, Voi

*

Mwalimu,

Jibu hili nimekusomea kwa simu kabla ya kulipeleka gazetini, kwa sababu Jumapili haitusubiri. Majina nimeyabadilisha, na mkeo atakuwa amelisikia kwako kabla hajalisoma kwangu. Hilo tumekubaliana.

Pole kwa moyo wako. Barua yako imenipa raha, na nilicheka pale kwa Ben, kisha nikajuta kucheka. Kwa hiyo niruhusu nikukaripie, mzee wangu, mvi zako nikizistahi.

Mkeo alikuja kukuomba radhi kwa kosa lako, nawe ukamsamehe. Mtu aliyekulisha, akakuosha, akakugeuza kitandani, ameondoka pale akishukuru kwamba umemsamehe. Angekuwa mwanafunzi wako ameandika mhusika wa namna hiyo ungempa alama nzuri. Lakini Mama Faiza si mhusika.

Unauliza kama uache tu kimyakimya. Hapana. Mtu akishaamini kichwa chake kimeharibika hatulizwi na birika kukaa mahali pake. Atakuwa anausubiri ugonjwa. Siku atakayosahau jina la jirani, kama tunavyosahau sote, atasema umerudi, na ataiuza nyumba aliyoijenga yeye.

Karatasi ndiyo mbaya zaidi. Ataisoma akiwa kwenye eda, ndani ya nyumba, hana pa kwenda, na mtu anayetaka kumgombeza yuko kaburini. Filamu yenu hiyo utakuwa umemwachia aiishi. Umewahi kuliwaza hilo? Mimi naona hukuliwaza, kwa sababu ulikuwa unafikiria utamu wa siku zako na si urefu wa zake.

Sasa swali la Ben. Mwambie shemeji hataki nyumba. Anachokitaka umeniandikia mwenyewe bila kujua. Anataka mjane aje akae ukingoni na kumwambia, “Bila wewe ningekuwa nimepotea.” Wewe ulikuwa mwalimu, watu walikuja kwako na maswali, leo unashikwa mkono kwenda msalani. Ukapata njia ya kuulizwa tena. Sikucheki kwa hilo, Mwalimu, nalielewa, hata mimi nakula kwa kuulizwa maswali. Lakini mpe shemeji wako njaa hiyo hiyo na atatisha, kwa kuwa kila akihamisha kitu atakuwa anajiona mtu mwema. Mwisho wa hadithi msiuandike kwanza. Hujaufikia.

Fanya hivi. Kesho asubuhi, mkishakunywa chai, mwombe akae hapo anapokaa siku zote. Usianze na filamu, ukianza nayo utakuwa unatafuta udhuru. Anza na ile radhi, mwambie hukuwa na haki ya kuitoa. Kisha mtajie kila ulichokigusa, kimoja kimoja, ulikitoa wapi na ulikiweka wapi, ajue kipi kilikuwa mkono wako. Kama kuna alichosahau kweli, kitabaki hapo peke yake, kidogo, cha umri wake, na daktari yupo. Usiruke hata kimoja kwa sababu unadhani ni kidogo.

Akishajua, mpigie Faiza wewe mwenyewe. Usimwachie mama aeleze. Mwambie mama yake ana akili timamu, na mambo ya kuuza nyumba yangoje mwenye nyumba ayataje kwa hiari yake. Mwambie na Mutheu, maana yeye amekabidhiwa dawa kwa sababu isiyo ya kweli, na majirani huzungumza. Nuha na Ben wataambiwa pia, na nafasi ya mjane waiache wazi mpaka Mama Faiza aseme anaitaka au haitaki. Akisema hataki filamu hiyo kabisa, inakufa. Ni uso wake mmeuchukua.

Baada ya hapo ndipo uombe radhi, mara moja, bila kumharakisha. Huenda akakupa siku hiyo hiyo. Huenda akakununia siku tatu na chai ikaletwa na Mutheu. Huo ni utamu pia, Mwalimu: mwanamke anayejua kuwa kichwa chake ni kizima, na kwamba mumewe ni mjinga.

Na akianza kukufokea, usijishike kifua ukajifanya umezidiwa. Msikilize mpaka amalize.

Bi Wayua