Kiti cha Mama, kushoto kwa Baba

Mwenzangu, uko? Usinipigie, nitalia.

Si unajua Baba amerudi kwenye cherehani yake tangu kile kiharusi? Leo mteja kaja kuchukua shati. Kulikunjua, mkono wa kulia umeshonwa ukashoneka, wa kushoto haupo! Mteja akasema, "Fundi, bado hili." Baba akang'aka, "Limekwisha! Huna macho?"

Mkono mmoja, mwenzangu. Na anaapa limekwisha.

Nikamfokea mbele ya mteja. Baba yangu mzazi!

Nesi anayekuja kumfanyisha mazoezi akanivuta pembeni. "Usimgombeze. Macho yake mazima. Ni ubongo uliopigwa, hauna tena habari na upande wa kushoto. Kwake yeye huko hakuna kitu."

Kumbe ndiyo maana anabakiza nusu ya sahani, halafu anasema tunamnyima chakula!

Ndipo nikamkumbuka Mama. Kiti chake unakijua, kushoto kwa cherehani, anaposhonea vifungo miaka yote. Kila siku ananililia, "Baba yako kaninunia. Hanitazami, hata chai nikimwekea haigusi." Nami namwambia avumilie, wagonjwa ndivyo walivyo.

Nikahamishia kiti kulia, nikamkalisha. Hata hakuelewa kwa nini.

Baba akainua kichwa. Mguu ukasimama kwenye cherehani. Akamtazama, akamtazama, mpaka machozi yakamlenga.

"Mama watoto, ulikuwa wapi siku zote hizi? Niliogopa kuuliza, wasije wakaniambia umekufa."