Baba, Nilikutoa Fife

Baba,

Jana nimerudi Lewisham, hapa London, kutoka Fife, Uskoti, kule ulikokwenda peke yako ukafia ndani ya basi. Nimeifuata karatasi yako uliyoandika vijiji vyote kwa kalamu nyekundu. Nilikwambia ungoje likizo yangu twende pamoja. Ukanijibu, "Likizo yako haifiki, Zuhura." Na kweli, nilishakuzungusha miaka mitatu.

St Andrews nimeyaona magofu ya kanisa kuu. Kuta chache tu ndizo zimesimama, na makaburi yamejaa mpaka karibu na bahari. Crail ni kijiji kidogo, bandari yake unaimaliza kwa hatua chache. Wamepanga madema ya kutegea kaa gatini, nikakaa pembeni yake nikalia bila haya. Bibi mmoja wa Kizungu akaniletea chai. Pittenweem sikushuka. Lilikuwa basi la njia ile ile uliyofia, Baba. Sikuweza kuinuka kitini.

Sasa nikwambie linalonila. Ulituusia, mimi na Mama, "Nikifa nizikeni pale pale nilipofia, msinikawize. Msinitembeze kama mzigo." Watu wa msikiti wa kule walishaweka tayari sanda na kaburi. Mimi, mwanao wa pekee, ndiye niliyekataa. Nilisema nataka kaburi la kuzuru, karibu na nyumbani. Ukakaa siku tano kwenye friji, kisha ukapakiwa garini kutwa nzima mpaka London, kwa ajili ya moyo wangu mimi. Mama yuko edani, hatoki, na hasemi nami. Aliniuliza mara moja tu, "Neno gani la baba yako hukulifahamu?"

Na lililo baya zaidi bado sijakwambia. Huu mwezi wa pili, sijafika kaburini kwako hata siku moja. Ni mwendo wa robo saa kutoka mlangoni. Nikiliona geti tu, nageuza. Uskoti nimeweza kufika, kwako siwezi.

Nisamehe. Sina uso wa kuomba, lakini naomba.

Ijumaa hii nakuja. Nitakusomea Yasini, na haya yote nitakwambia kwa mdomo wangu, hata ikiwa nitasimama getini mpaka wafunge. Mungu akuwekee wasaa huko uliko, Baba, maana mimi nilikunyima.

Mwanao,
Zuhura