Alikokwenda Zamda

Mbwera, 4 Machi 2024

Shangazi Elinipendo,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu na zamu za wodini hazikuchoshi sana. Mimi mzima. Mbu wamenizoea, nami nimezoea chai yenye chumvi kwa mbali. Simu huku inashika mtandao inapojisikia, ndiyo maana nampa Mudy wa boti barua hii hadi Nyamisati, na kutoka hapo mtu wa pikipiki ataileta Mchukwi.

Uliniuliza chuo kimenituma kufanya nini huku deltani, Rufiji. Nachunguza kuzubaa. Usicheke! Nataka kujua akili inakwenda wapi pale mwili unapobaki darasani, au kazini, peke yake. Nina kengele ndogo. Naigonga wakati wasioutegemea, na kila aliyemo, mwanafunzi kwa mwalimu, anachora alikokuwa kimawazo. Watoto wa darasa la tano huchora madungu wanakokaa kuamia ndege mpungani, au bibi zao, au kamba wa kukaanga. Mwalimu mkuu, Mzee Hashimu, alichora kitanda.

Maji yakijaa, kijito kinapanda hadi nyuma ya shule na mwanga wake unachezacheza darini. Saa hiyo darasa zima huwa linaelea, Shangazi. Hata chaki huandika polepole.

Yuko msichana mmoja, Zamda binti Mtoro, anayenivutia kuliko wote. Katikati ya somo macho yake hutulia tuli. Ukimwita haitiki. Halafu anarudi na kuendelea kuandika kama vile hakuna lililotokea. Kengele ikimkuta huko, karatasi yake hubaki nyeupe. Walimu wanaita jeuri, na Mzee Hashimu anasema mtoto huyu hafundishiki, bora abaki nyumbani. Mimi naona amefika mahali palipotulia mno, hapana cha kuchora. Natamani anipeleke.

Mwanao,
Aika


Mchukwi, 15 Machi 2024

Aika wangu,

Marahaba, mwanangu. Bwana asifiwe. Mgongo ni uleule, tunaishi nao vizuri. Nimefurahi kusikia unakula. Baba yako alipiga simu kutoka Machame akiuliza kama huko mliko kuna mamba. Nikamwambia wapo, lakini wana adabu.

Kuhusu Zamda. Sitaki kukuharibia kazi, na mimi ni muuguzi tu, si daktari wa ubongo. Ila niliposoma habari zake nilisimama, nikakaa tena. Naomba umwangalie haya. Je, hukatika katikati ya neno? Kope zake hupepesa? Ukimgusa bega, anashtuka? Mtu aliye mawazoni ukimgusa hurudi. Kuna kifafa kisichomwangusha mtu wala kumtoa povu. Kinamzima kidogo kama taa na kumwasha tena, mara nyingi kwa siku, na mwenyewe hajui. Nilimwona mtoto wa hivyo zamani, Kibiti. Naye alipigwa sana kwa jeuri kabla hatujajua.

Huenda nimekosea, na nikikosea nitafurahi. Lakini mpaka tujue, asipige kasia peke yake.

Shangazi yako,
Elinipendo


Mchukwi, 20 Aprili 2024

Aika mwanangu,

Hujambo? Nauliza hivyo nikimaanisha kweli, maana sijapata neno lako tangu mwezi uliopita. Redio inasema Rufiji imefurika, mashamba yamekwenda na maji. Wagonjwa wanaofika kutoka bondeni wanasema boti hazitembei ovyo. Nimempigia Mudy, simu yake haipatikani, na yako ndiyo usiseme.

Sikudai majibu. Niambie tu mko salama, wewe na yule mtoto. Nimeota mara mbili nimesimama mahali penye maji pande zote, naita jina ambalo silijui.

Ninakuombea.
Shangazi yako


Mbwera, 6 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, na Zamda yu hai. Naanza na hilo ili upumue.

Barua yako ya Machi imenifikia juzi tu, wino umetawanyika kwa maji. Nimeisoma nikiwa nimechelewa.

Wiki ya pili ya mafuriko Zamda alikuwa anamvusha mdogo wake, Salama, kwenda kwa bibi yao ng'ambo. Maji yalikuwa yanakupwa kwa nguvu kuelekea baharini. Salama anasimulia kwamba dada yake alikuwa anaimba, kisha wimbo ukaisha katikati, kasia likamtoka mkononi likaenda zake. Zamda akabaki amekaa wima, anatazama mbele. Mtumbwi ukageuka taratibu, ukawa unazunguka kama jani. Salama alimwita, akamshika uso kwa mikono miwili, hakuna kitu. Mikandaa, ile mikoko ya ukingoni, ikawa inapita pembeni, mto mkubwa. Halafu Zamda akaendelea na wimbo palepale alipouachia, akauliza, "Kasia liko wapi?"

Salama alidaka tawi la mkandaa, akaling'ang'ania mpaka wavuvi wakawaona. Mikono yake imechubuka yote.

Siku niliyopata barua yako nilikwenda darasani bila kengele. Nikakaa karibu naye. Alikuwa anasoma kwa sauti, akafika kwenye "mkuli...", akakatika. Kope zikapepesa. Nikamgusa bega, nikamtikisa kidogo. Hakuwapo. Halafu "...ma", akamalizia neno. Nilimuuliza alikuwa wapi. Akanitazama kwa mshangao: "Si nipo hapa hapa, mwalimu?" Zile karatasi nyeupe, Shangazi, hazikuwa utulivu. Nilizipenda bure.

Jana jioni nilikwenda kwao. Baba yake, Mtoro, alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anashona wavu. Kisha akasema:

"Mwalimu, mimi nimeona kabla yako. Toka akiwa mdogo. Nilinyamaza."

"Kwa nini, baba?"

"Wakimwandika kifafa, nani atakula naye sahani moja? Nani atamposa? Wenzangu wakisema jeuri, jeuri mtoto hukua akaiacha."

Nikamwambia nitakula naye sahani moja leo hii, na kila siku nitakayokuwa Mbwera. Akatikisa kichwa, "Wewe utaondoka." Ni kweli, nitaondoka.

Aliyesema neno ni mkewe, Mwajabu, kutoka jikoni. "Mtoro, mto ulishamchukua, ukaturudishia. Mimi sitaungoja umchukue mara ya pili. Nakwenda naye hospitali, Mchukwi."

Mtoro akarudi kwenye wavu wake. Lakini leo asubuhi ndiye aliyewabebea mizigo hadi kwenye boti.

Watafika na barua hii. Wapokee.

Mwanao,
Aika


Mchukwi, 30 Mei 2024

Aika wangu,

Habari za huko, na maji yamepungua? Wageni wako walifika salama, wamelala kwangu. Mwajabu amenifundisha kupika samaki kwa nazi na ndimu, nami sasa naona aibu kwa yote niliyokuwa nakula.

Daktari alimsikiliza mama kwanza, kisha akampa Zamda kipande cha karatasi, maana kupumua kwa nguvu mfululizo huchochea kule kuzimika. "Kipulize," akasema, "kama unapuliza moto wa kuni mbichi. Usiache mpaka nikwambie." Zamda akacheka, akaanza. Karatasi ikawa inapepea, inapepea. Dirishani kulikuwa na jua la asubuhi na vumbi linaelea ndani yake. Kisha karatasi ikatulia. Zamda alikuwa amekaa mbele yetu na hayupo. Mwajabu alishika mkono wangu. Aliporudi, akaendelea kupuliza, maana alikuwa hajaambiwa aache.

Daktari amewaelekeza Muhimbili kwa kipimo cha ubongo, wamekwenda, wamerudi na vidonge. Kila asubuhi na jioni, asikose. Amesema watoto wengi wa namna hii hupata nafuu kubwa. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Mwajabu aliuliza kama ugonjwa huu unaambukiza. Nikanywa maji kwenye kikombe cha Zamda, nikamrudishia. Mama akalia kidogo, kisha akaomba chumvi ya samaki.

Shangazi yako


Mbwera, 16 Septemba 2024

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimeambiwa umeanza kutembea jioni kwa ajili ya mgongo. Endelea. Huku mpunga ulisombwa, watu wanakula mihogo na kupanda upya, lakini vicheko vimerudi.

Nimeandika upya utafiti wangu. Nimeongeza sura kwa ajili ya walimu: jinsi ya kumtofautisha mtoto anayewaza na mtoto aliyezimika, kabla ya kuokota fimbo. Mzee Hashimu aliisoma yote. Kesho yake alimhamishia Zamda dawati la mbele, akalifuta vumbi mwenyewe.

Vidonge vimefanya kazi. Bado huzimika, mara chache sana, mara nyingine wiki nzima hapati hata mara moja. Mudy huleta dawa. Zamda hapewi tena kasia, mtumbwini hupanda na baba yake. Majirani wawili hawamruhusu bado kula na watoto wao, na Mtoro huwapita bila kuwasalimu. Hilo sijui litaisha lini.

Mwanzoni Zamda alichoka. "Mwalimu, kumbe mnaongea mfululizo hivi?" aliniuliza. Fikiria, Shangazi, amesoma miaka mitano kwa vipande.

Wiki iliyopita nikagundua kuwa mchana, wenzake wakitawanyika, haendi nyumbani. Nilimkuta darasa la kwanza, linalosoma zamu ya mchana, magoti yamebanwa na dawati dogo, amezungukwa na watoto wanaomfika kiunoni. Mwalimu wao, Rozalia, alinong'ona kwamba aliomba mwenyewe. Anataka kuanza mwanzo, asikie yote aliyoyakosa.

Nilisimama mlangoni. Maji yalikuwa yamejaa, mwanga unacheza darini. Rozalia alikuwa anawasimulia habari ya kiboko aliyekataa kutoka mtoni hata watu walipomwita kwa ngoma. Akafika mahali, akanyamaza apate pumzi. Wale wadogo wakangoja.

Zamda akainama mbele, viwiko mezani, macho yanawaka.

"Halafu?" akasema.

Mwanao,
Aika