Hori Moja na Mbuzi wa Baba Mkubwa

Kipatimu,
Kilwa.
25 Aprili, 1954.

Mpendwa Shangazi Mwahija,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mzee Huseni, na dada Siti na mtoto wake mchanga. Je, ule mguu wako uliokuwa ukivimba wakati wa mvua umepoa? Huku masika ni makubwa. Malori hayapandi tena kutoka Nangurukuru, kwa hiyo barua hii itashuka kwa miguu na mtu wa misheni, na sijui utaipata lini.

Sisi ni wazima wa mwili. Mdogo wangu Modesti ameota meno mawili ya mbele na anataka ujue. Baba anakusalimu sana. Anajua kwamba ninakuandikia. Amesema habari hizi nikuambie mimi mwenyewe, yeye zinamkaa kooni.

Shangazi, nina haya kubwa, na nimeanza karatasi hii mara nyingi.

Nilipomaliza shule Desemba, Baba alinikabidhi wanyama wote wa nyumbani. Nilifurahi, maana mnyama hakuulizi swali akasubiri ujibu. Walikuwa wametawanyika: kuku wakilala jikoni, bata kila mahali, mbuzi wamefungwa nyuma ya nyumba, na yule nguruwe jike wa Mama, uniwie radhi kumtaja, kwenye shimo lake karibu na mihogo. Miongoni mwa mbuzi walikuwemo wale wa Baba Mkubwa Bakary, aliowaleta kwa ndugu yake wakue huku kwenye majani, kwa sababu Kivinje wangemgombanisha na watu kwa kula bustani zao. Walikuwa wakingoja kuchinjwa kwa harusi ya binti yake, dada Kijakazi.

Shuleni tulifundishwa kwamba shamba dogo linaweza kulisha wanyama wengi, kama kila mmoja atatumia kinachobaki kwa mwenzake. Mimi na Modesti tukajenga banda moja. Kuku tukawawekea vijiti vya kulalia juu, mbuzi tukawapa kichanja cha fito ili kwato zao zisikae kwenye tope, na nguruwe akakaa chini. Mashina ya kisamvu waliyoyaacha mbuzi aliyatafuna yeye. Alipofukua udongo, kuku walifuata nyuma wakiokota funza. Bata walimaliza konokono kwenye mchicha, na samadi yote ilikwenda kwenye maboga.

Kijito kiko mbali, nawe unakijua kile kilima. Nikachoka kubeba maji ya vyombo vingi, nikamwomba Baba achonge hori moja refu la mti, wale na kunywa wote humo. Alilichonga vizuri sana. Kicheche akaacha kuiba vifaranga, kwa sababu nguruwe alikuwa akiamka na kunguruma. Mbuzi wa Baba Mkubwa wakanenepa mpaka wapita njia wakasimama kuwatazama. Nilijiona, Shangazi. Nilijiona sana.

Unajua jinsi tunavyoishi. Tangu Baba alipobatizwa, wewe na Baba Mkubwa hamkuwahi kumfanya ajione si mwenzenu. Naye hapa nyumbani hajachinja kitu kwa mkono wake. Hata kuku wa Krismasi huchinjwa na Mzee Dadi, jirani yetu Mwislamu, ili ndugu akitokea ghafla ale bila kuuliza. Nimekulia katika desturi hiyo. Nilijua nani anashika kisu. Kwamba mbuzi anakula wapi, na pamoja na nani, halikunipitia kichwani hata siku moja.

Mwezi wa Machi Baba Mkubwa alikuja kuwaona mbuzi, amefuatana na Bwana Abilahi, baba yake bwana harusi, na wazee wawili wa kwao. Mzee Dadi alikuwa amechinja jogoo asubuhi, Mama akapika wali. Wakati wali unaiva, Baba Mkubwa akaniambia, "Yustina mwanangu, hebu tuonyeshe hao mbuzi."

Bwana Abilahi alifika bandani akakusanya kanzu yake mkononi. Akaniuliza kwa upole, "Haya yote umeyajenga wewe, binti?"

Wewe unanijua. Mgeni akiniuliza jina, natazama vidole vya miguu. Siku ile sijui ulimi wangu ulifunguliwa na nini. Nikaeleza yote, kichanja, funza, samadi, hata sauti yangu ikawa kama ya Sista akiwa ubaoni. Wote walinitazama. Nilidhani wananisikiliza.

"Enhe, mwalimu, endelea," akasema Bwana Abilahi. "Na hawa mbuzi wanakunywa wapi?"

"Hapa horini."

"Na yule mwenye pua?"

"Hapa hapa. Mbuzi wakibakisha pumba, anamaliza yeye. Akibakisha yeye, wanamalizia wao. Hakipotei kitu."

Nilisema hivyo, Shangazi. Hakipotei kitu.

Bwana Abilahi akageuka. "Mkwe wangu Bakary," akasema, "kumbe mbuzi wako wameshapata wakwe kabla yetu!"

Wale wazee wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, kwa sababu nilidhani wamefurahi. Kisha nikamwona Baba Mkubwa. Alikuwa akitazama chini ya banda, ambako mwanambuzi wake mmoja, yule mwenye doa jeupe, alikuwa amelala juu ya mgongo wa nguruwe. Kila siku alilala pale, na mimi nilikuwa nikiita watoto waje kumwona.

Mama alileta wali na yule jogoo. Hakuna aliyenawa. Bwana Abilahi alisema wameshiba tangu njiani. Mzee Dadi, aliyekuwa amealikwa naye, akatazama sahani, akatazama kuku wengine wakidonoa horini, akasema amekumbuka kazi kwake. Chakula kikapoa mkekani.

Baba Mkubwa ndiye aliyeondoka wa mwisho. Hakupaza sauti. Alimwambia Baba, "Tomaso, mimi dini yako sijaisema hata siku moja. Nilikuachia mbuzi tu." Akakataa hata maji.

Baada ya juma moja akatuma mtu. Mwalimu wake wa chuo cha Kurani amemwambia kwamba mbuzi hao wakitengwa na kulishwa vizuri kwa muda hawana neno, lakini Bwana Abilahi hataki kusikia habari zao, na mji mzima wa Kivinje sasa unamwuliza Baba Mkubwa habari za wakwe zake wa Kipatimu. Kwa hiyo ametafuta mbuzi wengine, na hawa wetu tuwauze. Baba alijibu kwamba mali ya ndugu yake haitauzwa kwa sababu ya hasira ya siku moja. Basi wapo tu. Ninawakatia majani kila asubuhi, wananijia mbio, nami siwezi kuwatazama.

Pasaka ilipofika, Mzee Dadi hakuja, nasi hatukuthubutu kumwita. Modesti alililia nyama. Mama akamwuliza Baba, "Kwani mkono wako umekatika? Chukua kisu uwachinjie wanao!"

Baba akasema, "Nikichinja mimi, Martina, Bakary hatakula tena katika nyumba hii."

"Hali hata sasa."

"Sasa amekasirika tu," akasema Baba.

Tukala ugali kwa kunde. Mama alilia jikoni, na alinikemea kwa sababu moshi ulikuwa mwingi. Si kwa sababu ya moshi.

Nguruwe nimemhamishia ng'ambo ya kijito. Ana hori lake, ndoo yake na kata yake, na nikienda kwake navaa kaniki iliyochakaa ambayo siingii nayo nyumbani. Lile hori refu Baba alilipasua kuni, nikachonga jipya na Modesti, baya, linavuja upande. Mbuzi, kuku na bata bado wako pamoja nao wanaelewana. Kicheche amerudi. Wakati mwingine nafikiri kwamba lile banda lilikuwa zuri, kwamba kosa lilikuwa hori tu, kisha naona haya kwa kufikiri hivyo wakati Baba anakaa kizingitini akitazama njia ya Kivinje.

Juzi Mzee Dadi alipita, akasimama mbali kidogo. "Yule yuko wapi?" akauliza. Nikamwonyesha kwa mkono ng'ambo. Akasema niwafunge kuku siku tatu, wale nafaka safi, kisha atakuja kutuchinjia kama zamani, na kwamba hata yeye aliona vibaya kuukimbia wali wa Mama. Nilikwenda mbio kumwambia Baba. Akashukuru, lakini akasema, "Asubiri. Kuku wa kwanza nataka aliwe Bakary akiwepo."

Sasa ninafika kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Harusi ni baada ya Ramadhani, na Baba amesema hatakwenda. Yeye ndiye baba mdogo wa Kijakazi. Asipokaa pale na wazee wengine siku ya kumwozesha, kila mtu atauliza, na jibu litakuwa mimi.

Nilimwambia Baba kwamba nataka kwenda Kivinje Idi Pili, watu wanapokwenda kupeana mkono wa Idi, nimwangukie Baba Mkubwa nimwombe radhi kwa kumtia aibu mbele ya wakwe zake. Baba akasema, "Nikimkuta dada yangu Mwahija pale, nitaingia pamoja nawe. Nisipomkuta, nitakusubiri njiani."

Kwa hiyo nakuomba, Shangazi. Najua utakuja kwa harusi. Nakuomba utoke Lindi mapema, uifanye Idi yako kwa Baba Mkubwa, kama mguu utakubali na Mzee Huseni ataridhia. Usinitetee. Kama Bwana Abilahi atakuwapo barazani na kuniita mwalimu, mwache aniite. Nataka ukae karibu nami tu, kwa maana nitaogopa, na safari hii sijui kama nitashindwa kusema au nitasema mno. Ukisikia nimemaliza kuomba radhi na sasa naanza kueleza habari za mbuzi, nifinye.

Nisalimie Mzee Huseni na umwambie tumbaku yake Baba anamwekea. Nisalimie dada Siti, na umbusu mtoto kwa niaba yangu. Mama anakusalimu, na Modesti pia. Mungu akulinde katika mvua hizi, akupe Ramadhani yenye heri, na atufikishe sote Kivinje tukiwa ndugu.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja,

Yustina Tomaso