Graniti ya Kanyangi na Profesa Wangu

Ndugu yangu Musyoka,

Nakusalimu kutoka huku Uingereza. Mimi ni mzima, ila vidole vimepasuka kwa baridi. Goti la Mama linaendeleaje? Na wewe, watoto wa shule ya Migwani bado wanakuchosha? Nina habari ambayo hutaipenda, lakini kwanza acha nikueleze ni mtu wa aina gani aliyekuwa akinisimamia masomo.

Unamkumbuka profesa wangu alipokuja Kanyangi. Aligonga jiwe moja kando ya barabara, akarudi kwenye gari kunywa chai. Mtoni hakukanyaga. Ni sisi wawili tuliobeba mawe kutoka kule mpaka migongo ikauma. Basi kwa hilo jiwe lake moja amekuwa akifundisha watu kwamba miamba yetu ilikuwa mchanga na matope, ati kwa sababu ina mistari. Punda milia pia ana mistari, na hakutoka kwenye matope.

Uliona mwenyewe kule mtoni. Ukingoni graniti ni nzima, na punje zake nyeupe ni nono kama mahindi. Ukielekea katikati, punje zinalala upande mmoja, zinavutika, mwishowe zinabaki nyuzi tu. Zamani sana mabara mawili yalisukumana, milima ikainuka. Huko chini kwenye joto jiwe lililainika, upande mmoja ukateleza kando ya mwingine, na la katikati likavutwa kama unga wa chapati. Milima yenyewe imekwisha kuliwa na mvua. Tumebaki na mizizi yake, na mbuzi wetu wanalala juu yake.

Nilisema hayo mbele ya idara nzima, nikionyesha picha za mawe yetu ukutani. Profesa akainuka, akazima mashine.

"Mwende anajua njia za mbuzi," akasema. "Jiolojia atajifunza polepole."

Wakacheka, wale ambao hucheka hata akikohoa.

Kesho yake akaniita ofisini, sauti laini kama ya mtu anayeomba chumvi. Akasema kazi yangu inafaa kuchapishwa, mradi jina lake litangulie.

"Jana ulinizimia mashine," nikamwambia.

"Jana kulikuwa na watu," akajibu, bila hata kupepesa macho.

Nikakataa, naye akaacha kunisimamia. Mama mmoja anayefundisha chuo kingine, asiye na maneno mengi, amekubali kunichukua, lakini lazima nikae mwaka mwingine. Kwa hivyo, kaka, kwenye harusi yako sitakuwepo. Hilo ndilo lililoniliza. Yule mzee hakupata hata chozi moja.

Usiahirishe. Mwambie mchumba wako asinikasirikie, na siku hiyo kiti changu apewe shangazi wa Sultan Hamud, maana yeye hucheza kunishinda. Nisalimie Mama, na mchungaji wetu pia. Akiuliza kama nimemsamehe profesa, mwambie bado sijaona kwamba anastahili hata kupotezewa msamaha.

Ni mimi mdogo wako,
Mwende