Ukuta wa Kanisa la Ziwani

Jumanne

Leo nimewanyamazisha! Kwenye kikao cha maoni kuhusu ukumbi mpya wa okestra, msanifu majengo alituonyesha mchoro wenye kuta za saruji tupu. Nikasimama.

"Madam, hapo sauti itagonga irudi. Weka mbao, nyuma yake ujaze blanketi."

"Umejuaje, mzee?"

"Kanisa letu la Ziwani, mhubiri alikuwa akijibiwa na ukuta. Nililijenga mimi, nikalitibu mimi."

Akaandika! Jumamosi anakuja kuliona, na vifaa vyake vya kupimia sauti.

Mke wangu amecheka hadi akashika meza. "Baba Atieno, kujenga? Wewe ulitengeneza mabenchi!"

Sawa, mabenchi. Lakini mbao na blanketi za ukuta ule nilizipigilia mimi, na mwangwi ukafa siku hiyo.

Ninaogopa kidogo. Nitamwambia kwamba kuhusu kujenga nilidanganya. Kisha nimwombe apige makofi, asikilize mwenyewe.