Kwako Bwana Mipaka, Uliyebaki Korongoni

Leo mwaka umetimia tangu ulipofunga kamba za viatu pale kizingitini, ukamwambia mkeo aweke chai Jumapili saa kumi, utakuwa umerudi. Chai iliwekwa. Tunaanza na hilo ili ujue mapema kwamba hatukuja hapa kukubembeleza. Anayeandika ni dada yako mkubwa, unamjua, na mkeo amekaa pembeni anamsahihisha.

Ulikuwa mtu mwema, tuliseme hilo lipite. Mpima ardhi gani mwingine angetoa Jumamosi yake ya mapumziko kumpimia bibi wa nyumba ya pili kiwanja chake, kwa sababu tu jirani alikuwa akisogeza ua kila mvua zikinyesha? Wale ndugu wawili waliokuwa hawasalimiani kwa hatua mbili za shamba uliwasimamisha juani, ukawashikisha kamba, mmoja huku na mwingine kule, mpaka wakachoka kugombana. Ndipo mtaa mzima ukakuita Bwana Mipaka.

Nyumbani ulikuwa kero. Ulipima kitanda ukasema kimeinama upande wa mkeo. Ulikunja karatasi ukaitia chini ya mguu wa meza, na ole wake atakayeifagia. Mkeo akikuambia chakula dakika tano, unatazama saa. Na namba ukishaiandika hukuibadilisha hata kwa kuombwa. Siku ile mkubwa wako wa kazi alipotaka uandike jiwe la mpaka mahali ambapo halipo, ulirudi umevimba, hukula, ukasema tu, "Daftari langu halijui kudanganya." Mkeo alikupenda kwa hilo, ingawa lilimchosha.

Sasa tumfikie rafiki yako.

Jina alilopewa na wazazi wake hatulitumii, hata wewe hukulitumia. Ni Mnyororo. Alikuwa anashika ncha ya nyuma ya mnyororo wa kupimia, wewe uko mbele. Mnyororo unapoishia unachomeka kijiti cha chuma, yeye akifika anakichomoa na kukitia mfukoni, mnasonga. Miaka kumi na tisa wa mbele anachomeka na wa nyuma anachomoa, wala hamkuhitaji kuambiana. Mkeo alikuwa akisema nyinyi wawili mngeoana tu, watu wapumzike.

Na kile kilele. Miaka yote hiyo mlikuwa mkikilenga kwa darubini kila mlipoanza kazi, maana kinaonekana kutoka kila upande. Ukaanza kusema ni aibu mtu kukitazama maisha yake yote bila kukikanyaga. Tulikuambia hakina njia, ukasema njia ni kitu cha kutafutwa. Wiki nzima ile ramani kuukuu ililala juu ya meza ya chakula, mkeo na watoto wakala sahani zikiwa mapajani, huku nyinyi mkibishana kama mgongo wa kushoto ni bora kuliko wa kulia, na mto uvukwe wapi.

Mnyororo akasema, "Kupanda si kazi. Kazi ni kushuka. Ukiwa juu, makorongo yote yanafanana."

Ukasema mtaweka alama. Mkeo ndiye aliyechana pazia kuukuu la rangi ya chungwa, vitambaa thelathini na vinne, kwa mikono yake, akakuuliza kama vitatosha. Ukasema vitatosha na kubaki.

Siku ya pili ya safari, saa tano asubuhi, simu iliita. "Nimekanyaga," ulisema. Mkeo akauliza unaona nini huko. "Ukungu," ukasema, "na Mnyororo analia kama bi harusi." Mkacheka. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwake, na nusu yake inamhusu huyo.

Mliyoyakuta wakati wa kushuka tuliyajua baadaye. Chini kidogo ya kilele yanaanza makorongo matatu. Moja linashuka salama, mawili yanaishia ukingoni mwa jabali. Penye lile la salama ulikuwa umefunga kitambaa kwenye jiwe. Hakikuwepo. Mkatafuta kila jiwe, ukungu umeshuka, mikono imekufa ganzi. Mnyororo akafungua mkoba wake atoe glavu, akavikuta humo vyote thelathini na vinne, amevikunja kumi kumi kama vijiti vya kazini, na vinne vimebaki peke yake. Wewe ulikuwa unafunga mbele, yeye anafungua nyuma, tangu mguuni mwa mlima hadi juu. Mazoea yana taabu.

Mkachagua korongo kwa kukisia. Uliteleza, ukavunjika nyonga. Simu hazikushika mtandao humo korongoni. Mnyororo alikaa nawe mpaka asubuhi, akakuvika koti lake, kisha akashuka kutafuta msaada. Alipopanda tena na askari wa misitu, ulikuwa umekwisha kutuacha.

Siku ya mazishi alisimama getini, hakuthubutu kuingia. Dada yako akamwendea. "Ulikwenda na mtu, umerudi na mkoba," alimwambia, na hakuna aliyemzuia. Mnyororo alimtazama mkeo akasema mbele za watu wote, "Vitambaa nilivitoa mimi, shemeji." Mkeo akageuza uso. Tangu siku hiyo mkeo akimwona dukani anavuka barabara, na dada yako husema kikulacho ki nguoni mwako, kwa sauti ya kumfikia. Hajutii.

Wiki ya tatu askari wa misitu akatuletea daftari lako. Ulikuwa umeandika ukurasa mmoja ukiwa peke yako, mwandiko umeyumba lakini ni wako. Tunaunakili kama ulivyo: "Kosa ni langu. Nimemzoesha kuchomoa nyuma yangu, na safari hii sikumwambia aache. Mama watoto, mwambie wewe mwenyewe, akiambiwa na mwingine hataamini. Asiache kazi."

Basi. Kwa mkeo hakuna neno, isipokuwa kumtuma. Kwa watoto hakuna. Mtu yuko mlangoni mwa kaburi, amejaliwa kalamu na karatasi, anamhangaikia mshika mnyororo. Mkeo alisoma ukurasa ule, akaugeuza nyuma aone kama umeendelea. Hakukuwa na kitu. Hatujui kama uliwahi kumkasirisha hivyo ulipokuwa hai, na ulijitahidi.

Dada yako akamwambia, "Funika kombe mwanaharamu apite. Nani anajua?" Daftari likaingia kabatini chini ya mashuka.

Lakini lilimla mkeo. Mnyororo aliacha kazi mwezi ule ule. Ofisi ilimwita mara mbili, hakwenda. Mke wake alikuja kwetu, amekonda naye, akakaa ukingoni mwa kiti. "Mume wangu haongei," alisema. "Kama kuna lolote mnalolijua, hata liwe baya, nisaidieni." Mkeo alimwambia hakuna. Akamsindikiza mpaka getini, akarudi, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Miezi ikapita na ujumbe wako uko chini ya mashuka, na kila siku ulizidi kuwa mgumu kuupeleka. Alikuchukia kwa kumpa kazi ile. Alimchukia yule kwa kuihitaji. Sisi tulimuunga mkono kwa yote mawili.

Wiki iliyopita, tulipokaa kuandika kumbukumbu hii, mkeo aliinuka akalitoa daftari, akavaa viatu. Dada yako akamfuata ili asije akalainika njiani.

Tulimkuta Mnyororo uani kwake anagonga mguu wa kiti uliolegea. Akaweka nyundo chini. "Karibuni, shemeji. Karibu, dada."

"Sikuja kukaa," mkeo akasema. "Nimeleta maneno ya rafiki yako. Ilinipasa kuyaleta zamani. Lakini kukusamehe, sijakusamehe, tuelewane."

"Tumeelewana, shemeji."

Akamsomea. Alipomaliza, yule aliomba daftari. Alifuta mikono kwenye suruali kwanza, akausoma ukurasa, akausoma tena. Tulingoja alie, ashukuru, apige magoti, chochote. Dada yako alikuwa na neno lake tayari mdomoni.

"Si kweli," Mnyororo akasema.

"Kipi si kweli?"

"Aliniambia. Kabla ya kufunga kitambaa cha kwanza aligeuka akaniambia, leo usichomoe, tutavikuta tukirudi. Nikasema sawa. Tulipovuka mto akanikumbusha tena, nikasema nimesikia. Na nilisikia, shemeji. Mikono ikaenda na kazi yake." Akamrudishia daftari. "Alijua aliniambia. Hakusahau. Yeye hasahau kitu."

Dada yako ndiye aliyesema kwanza. "Wewe, unajua ungenyamaza tu, tungeamini?"

"Najua, dada."

"Na ungelala usingizi."

"Najua."

Mkeo, aliyesema hakuja kukaa, alikaa. Alikaa kwenye kile kiti kibovu, kikayumba, hakujali. Alitazama mwandiko wako muda mrefu. Wewe uliyemkatalia mkubwa wako kwa jiwe moja la mpaka, ulilala korongoni na nyonga imevunjika, baridi inakumaliza, ukaandika uongo. Uliufikiri vizuri, ukauandika, na ukampa mkeo aubebe. Huyo uliyemwandikia ameupewa mkononi akaukataa. Mkeo alilia, ndiyo, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu huyo, na alilia kwa hasira, asidanganyike mtu.

Kisha akamuuliza, "Na hilo la mwisho, kwamba usiache kazi? Nalo si kweli?"

"Hilo sijui, shemeji. Hilo alilitaka, nadhani."

"Basi rudi kazini."

Jumatatu alirudi. Tumesikia amepewa mpimaji kijana, na kwamba kila kijiti anauliza kwanza kabla ya kukichomoa. Kijana analalamika kwamba kazi haiendi.

Hatujamsamehe, na tusikudanganye, pengine hatutamsamehe. Nawe hatujakusamehe. Ulikuwa na nafasi ya maneno ishirini na matatu duniani, ukayatumia hivyo. Lakini mkeo amesema mtu aliyekataa kuoshwa kwa uongo wako hawezi kuachwa nje ya karatasi hii, na dada yako amebishana siku tatu ameshindwa.

Wanaokukumbuka: mkeo, ambaye alikuwa anastahili walau mstari mmoja, wanao watatu, dada yako mkubwa, mwenye kalamu, wadogo zako wote, bibi wa nyumba ya pili, na Mnyororo. Siku zote tutakukumbuka, pamoja na uongo wako.